Lakiri Namba Kumi na Saba

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikifundisha mafundi wa mita, kulikuwa na kisa kimoja nilichopenda kukisimulia kila somo lilipofika kwenye lakiri ya kufungia mita. Nilisema hivi: fundi mmoja wa zamani, hapahapa Kigoma, alifunga mita kwenye nyumba moja ya Ujiji akasahau kukaza skrubu moja, na kwa ajili ya skrubu hiyo mama wa watu akaitwa mwizi. Wanafunzi walitikisa vichwa. Akitokea wa kuuliza huyo fundi alifanywa nini, nilijibu kwamba aliacha kazi zamani, kisha nikaendelea na ubao. Fundi huyo ni mimi. Kazi sikuacha mpaka nilipostaafu kwa heshima zote, na keki nikakatiwa.

Nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana ya mita, na nilikuwa na mdomo. Mdomo huo niliupata kwa lazima. Nilipoanza kazi mafundi wa kiume walinituma chai. Nilipojifunza kuwakata maneno, wakaacha kunituma. Tatizo ni kwamba nilipopewa watu wa kuwafundisha sikujua pa kuuweka huo mdomo. Niliwatupia wao maneno yaleyale niliyokuwa nikijikingia, wakati hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunituma chai.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Warundi walikuwa wakiingia kwa miguu upande wa Kasulu na Kibondo, na vita vya ng'ambo ya ziwa vilipochacha Wakongo nao wakaja kwa maboti mpaka Kibirizi, uwanja wa mpira ukajaa watu na masufuria yao. Mji ulifurika. Mashirika ya misaada yalipanga kila nyumba yenye bati jipya, kila ofisi ikataka umeme, kila ghala likataka umeme, na jenereta zetu za dizeli zilikuwa ni zilezile. Ofisi ikaamua kwamba kila yuniti inayotoka lazima ipite kwenye mita nzima. Wakachukua vibarua sita wenye cheti cha ufundi, wakanikabidhi niwafanye mafundi wa mita kwa wiki kumi.

Nilikuwa na ubao wangu wa mafunzo, nimeutengeneza kwa mikono yangu: mita moja iliyovuliwa kifuniko, balbu tatu na soketi ya pasi. Niliwapanga mbele yake na kuwaambia watazame kisahani, ile sahani nyembamba ya alumini inayozunguka ndani ya mita, yenye alama nyeusi ukingoni. Balbu moja ikiwaka, alama inapita polepole. Ukichomeka pasi, inakimbia. Nilitaka wajue kwa macho tu, bila kifaa, kama mita inasema kweli. Juu ya ubao niliandika sheria yangu kwa chaki na sikuruhusu mtu aifute: macho kabla ya mikono, na mikono kabla ya mdomo. Naiona mpaka leo hiyo chaki, na mwandiko wangu wa kujidai.

Lakini somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la lakiri. Ukishafunga mita unapitisha waya mwembamba kwenye matundu ya kifuniko cha chini, unauvisha kipande cha risasi, yale madini laini ya kijivu, kadiri ya punje ya hindi, halafu unakiminya kwa koleo lenye namba yako. Kila fundi ana koleo lake na namba yake, na namba inaandikwa kwenye daftari. Lakiri ikiwa nzima, kilicho chini ya kifuniko ni kazi ya fundi. Ikiwa imekatwa, basi kuna mtu aliyeingia. Kwa hiyo kabla hujamsemesha mwenye nyumba neno lolote, unasoma lakiri. Koleo langu lilikuwa namba kumi na saba. Tena nilikuwa na mazoea ya kuusokota mkia wa waya mara tatu na kuulaza upande wa kushoto. Hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo, na mimi nilijivunia.

Katika wale sita mmoja alikuwa Mrundi. Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake katika ukimbizi wa kwanza, miaka mingi kabla ya huu niliousema, akakulia na kusoma hapahapa. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila alipoitwa aliitikia "Ego" badala ya "Naam", na nilimwandama kwa hiyo "ego" yake. Nilimwambia mteja akimsikia atadhani ametoroka kambini. Wenzake wakacheka, naye akacheka nao kidogo, macho yake yakiwa chini. Bibi yangu mwenyewe, kule Kasulu, aliitikia "ego" mpaka anaingia kaburini. Mimi ni Muha wa Gungu niliyerudi kutoka chuoni Dar es Salaam na Kiswahili cha kupigwa pasi, na nadhani sikupenda kukumbushwa nilikotoka. Hilo nalijua sasa, wakati ule niliona ni utani.

Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya wote. Alikuwa hakazi skrubu kwa nguvu, alikaza mpaka inapokubali, kisha akaongeza kidogo. Siku moja, wiki ya tatu, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba skrubu moja kwenye ubao wangu wa mafunzo ilikuwa imelegea. Ilikuwa kweli. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba siku atakapokuwa mwalimu ndipo atanifundisha. Tangu hapo, akiona kosa langu alinyamaza. Nakumbuka hata kulifurahia hilo, nikahesabu kuwa ni adabu.

Wiki ya saba ofisi ikanipa karatasi ya nyumba zenye matumizi ya kutiliwa shaka. Msoma mita alikuwa ameandika kwamba nyumba moja ya Ujiji, ya mjane mwenye friza la kugandishia barafu za kuuza, haikuwa imesogeza namba kwa miezi kadhaa. Nilifurahi. Kwa wiki sita nilikuwa nimewasimulia wizi, sasa nitawaonyesha wizi wenyewe. Anwani niliisoma juujuu. Nilishafunga mita nyingi sana Ujiji, na nyumba za mitaa ile ya zamani zinafanana kwa nje.

Tulifika kama saa tatu asubuhi. Barazani kulikuwa na wageni, wanawake wanne au watano waliokuja kwa maboti, wamekaa kwenye mkeka wakimenya mihogo. Wengi wa Ujiji ni Wamanyema, asili yao ni ng'ambo ya ziwa, na miaka ile ndugu walikuja kuwaangukia ndugu. Mwenye nyumba akatoka, mama mrefu wa makamo ya bibi, kanga kifuani na nyingine begani. Nilimwamkia kwa haraka, shikamoo ya kumaliza wajibu. Alinitazama usoni kitambo, nikaona kama anataka kuniambia jambo, kisha akasema tu marahaba, karibuni.

Mita ilikuwa ukutani pale pale barazani. Nilisimama chini yake nikatazama kisahani kupitia kioo. Kilikuwa kimelala, alama nyeusi mbele kabisa, haisogei. Na ndani ya nyumba friza lilikuwa linanguruma, kila mtu analisikia. Nikawageukia wanafunzi wangu kwa raha ya mtu aliyeshinda dau. Pale ndipo nilipoivunja sheria yangu mwenyewe. Lakiri sikuitazama. Nilianza na mdomo.

Nilimuuliza mama yule friza lake linakwenda kwa dua au kwa umeme. Akasema hajaigusa mita tangu ilipofungwa, anauogopa umeme, hata kuifuta vumbi hathubutu. Nikacheka ili wanafunzi wacheke. Sauti yangu ilikuwa juu, na saa hiyo ndiyo saa ya wanawake kwenda sokoni. Wawili watatu wakasimama njiani na vikapu vyao. Nilipoona wamesimama sikupunguza, niliongeza. Maneno niliyosema nayakumbuka yote, kwa sababu nimeyasikia kichwani mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kuambiwa na mtu.

"Kupokea wakimbizi siyo ruhusa ya kuiba umeme," nilisema. "Kama umewakaribisha, walishe kwa chako."

Mmoja wa wageni pale mkekani aliweka kisu chini. Mama mwenyewe aliirekebisha kanga yake ya begani. Mwanafunzi wangu Mrundi alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika stuli, na mimi wakati ule sikukumbuka kabisa kwamba naye ni mtu aliyepokelewa na mtu.

Nikamwambia apande, asome namba ya lakiri kwa sauti kisha aikate. Nilimchagua yeye kwa sababu ya mikono yake. Alipanda, akaipangusa lakiri kwa kidole gumba, akasogeza uso. Kisha akakawia kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu mbili. Nikainua macho kumhimiza, na nilipoinua macho nikauona waya. Mkia wake ulikuwa umesokotwa mara tatu na kulazwa kushoto.

Nilijua papo hapo. Lakiri ilikuwa nzima, haijaguswa, na ilikuwa yangu.

Yeye pale juu alinitazama. Haikuwa mara ya kwanza kuniona na kosa langu, ila safari hii tulikuwa na watu njiani, wageni mkekani, na wenzake watano waliokuwa wakisubiri namba na kalamu mkononi.

"Haisomeki, mwalimu," alisema. "Imeshika kutu."

Risasi haishiki kutu. Mimi ndiye niliyemfundisha, wiki ya pili, nikamfanya airudie mbele ya darasa. Alijua kwamba najua. Akakata waya, akaifumba lakiri kiganjani, nikaona mkono unaingia mfuko wa shati na kutoka mtupu.

Akafungua kifuniko. Ndani ya mita za zamani zile kuna kiungo kidogo cha shaba, kifupi kuliko ukucha, kinachopeleka umeme kwenye koili moja ya mita. Kikiwa wazi kisahani kinalala, hata kama nyumba nzima inawaka. Mita mpya inatoka kiwandani kikiwa wazi ili tuipime karakanani, na fundi akishaifunga nyumbani kwa mtu anatakiwa akirudishe na kukikaza kwa bisibisi. Kiungo cha mita ile kilikuwa kinaning'inia. Na skrubu yake, niliiona kutoka pale chini, kichwa chake kilikuwa kinang'aa bila mkwaruzo hata mmoja. Mwizi angeacha alama. Hata fundi aliyeikaza angeacha alama. Bisibisi haikuwahi kuigusa skrubu ile.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno manne: hii ni kazi yangu. Midomo niliifungua kabisa. Nikawaona wale wanawake na vikapu, nikawaona vijana wangu na kalamu, nikafikiria karakana nzima jioni wakicheka, mwanamke wetu na lakiri zake. Nikasema, "Andikeni: lakiri haisomeki, kiungo kimelegezwa." Wakaandika. Yule wa juu ya stuli hakuandika, alikuwa bado anafungua nyaya.

Tukang'oa mita na kukata umeme pale kwenye nguzo. Friza likanyamaza. Baada ya muda mama yule alitoka ndani na karai limejaa barafu zake, zile za kwenye vimfuko vya plastiki, akawagawia wanawake wa njiani, akawagawia wageni, kisha akawafikia wanafunzi wangu, mmoja mmoja. Alisema chukueni, zitayeyuka bure. Wakachukua. Aliponifikia mimi nilisema nina mafua.

Kesho yake nilifungua daftari la lakiri na kukuta nilichokwishakijua, mwandiko wangu na namba kumi na saba, miaka minne nyuma. Ndipo siku yenyewe ikanirudia nzima. Nilikuwa nimefika kwake karibu na adhuhuri, niko peke yangu na ngazi. Nimeshaunga nyaya, kiungo nimekirudisha kwa vidole, nainama kuchukua bisibisi, akaniita chakula kiko tayari. Ujiji hukatai chakula, na fundi haambiwi ngoja nimalize wakati sahani imeshafunuliwa. Nilishuka nikanawa. Ilikuwa ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa letu, aliyepikwa kwa mawese, tukala sahani moja. Aliniuliza habari za masomo yangu, akasema amefurahi kumwona binti juu ya ngazi, akanichagulia mnofu wa mgongo. Nilirudi kazini nimeshiba na kusifiwa, nikafunga kifuniko, nikaminya lakiri, nikasokota mkia mara tatu. Kiungo kilishikilia kwa kugusana tu, miaka mitatu na zaidi, mpaka kilipochoka.

Kwa hiyo alikuwa mama huyohuyo. Nilikuwa nimekula naye sahani moja na sikumkumbuka uso.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachoniumiza zaidi, maana hapo sikuwa nimeshtukizwa tena. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilienda kwa mkubwa wangu nikamwambia yule mama ni mjane, umri umekwenda, ana watu wengi nyumbani, tumsamehe tumfungie mita mpya. Sikumwambia lingine. Akanisifu kwamba pamoja na ukali wangu nina huruma. Nikasema ahsante. Baada ya wiki tatu za giza umeme ukarudi kwa yule mama, na kwenye jalada lake ikaandikwa kwamba mteja amesamehewa. Mtu hasamehewi asichokifanya, kwa hiyo karatasi hiyo ilimaliza kumfanya mwizi. Sokoni barafu zake zikaitwa barafu za bure, na wengine walizinunua huku wakicheka, na wengine wakaacha kuzinunua.

Kozi iliisha. Mrundi wangu nilimpa alama za juu kuliko wote. Alizistahili, hakuna aliyemkaribia, lakini mkono wangu ulipokuwa ukiziandika ulikuwa unamlipa, na naamini aliliona hilo. Siku ya kugawa vyeti alisubiri wenzake watoke, akaja mezani kwangu, akaweka kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa. Sikukifungua. Uzito wake niliujua.

"Mwalimu, yule mama huwa ananiita nikipita," alisema. "Ananipa maji. Hajawahi kuniuliza kitu."

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusoma namba. Swali hilo nalo lilikuwa la woga, nilitaka aniambie ni heshima.

"Nilikuogopa," alisema.

Akapangiwa kituo kingine, mbali na ziwa, na sikumwona tena. Nilisikia kwamba ni mwalimu mzuri sana sasa. Sijui anasimulia kisa gani likifika somo la lakiri.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua za kwanza, nilijikaza nikaenda Ujiji. Nilikuwa na ile karatasi kwenye mkoba. Wageni wa mkekani walishapelekwa kambini kwa malori, nyumba ilikuwa kimya, na mama alikuwa peke yake anapepeta mchele. Shikamoo yangu safari hii ilitoka na magoti. Nilifungua karatasi, nikaiweka lakiri kwenye ungo mbele yake, nikaanza kueleza mambo ya kiungo na skrubu, naeleza kama niko darasani, mpaka akanishika mkono ninyamaze.

"Nilikujua ulipoingia tu," alisema. "Nikajua mita umeifunga mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, alikuwa na haki yote ya kusema, na watu wote walikuwepo. Alirudi kwenye mchele wake.

"Ulikuwa na wanafunzi wako," alisema. "Nikuvue nguo mbele yao?"

Nililia pale, na hata kilio kile sikiamini sana, kilikuwa na raha ndani yake. Nikamwambia nitasema, nitakuja asubuhi ya siku ya soko nisimame palepale barazani niwaambie wanawake wote. Alisema hanilazimishi. Siku nitakayoweza, niseme. Yeye kwa upande wake ameshanisitiri na hatalitoa kwa mtu, basi nisiwe na hofu. Alinirudishia lakiri yangu, akanipangusa unga wa mchele mkononi.

Nisiwe na hofu, alisema, na mimi nikalichukua neno hilo nikaondoka nalo. Siku ya soko ikafika, nikawa na kazi Kasulu. Ya pili ikafika, nikasema bado joto halijapoa. Baadaye nikaona kwamba watu wameshasahau, nikisema nitawakumbusha, nitamuumiza upya. Nilikuwa hodari wa kupata sababu. Nikaanza kusimulia kisa cha fundi mmoja wa zamani darasani, na kwa kusimulia vile nikajiona kama niliyekwisha kusema.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, baada ya kuumwa kwa muda mfupi. Nilipata habari asubuhi, nikajifunga kanga mbili nikaenda. Nyumba ilikuwa imejaa. Baraza lilitandikwa mikeka, wanawake upande mmoja, na ile mita mpya ukutani juu ya vichwa vyetu, kisahani kinazunguka taratibu kwa sababu ya balbu walizosahau kuzizima. Walio karibu yangu walimsifu marehemu kwa mengi, ukarimu wake, wageni aliowalea. Mmoja wao, mtu mzima, akasema ila ile habari ya umeme, Mungu amsamehe, njaa ya watu wengi ndiyo iliyomponza. Wenzake wakaitikia. Lakiri ilikuwa kwenye mkoba wangu, mapajani. Nilikuwa nimeibeba kwa makusudi, nilijiambia njia nzima kwamba leo ndiyo leo.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, binti wa marehemu alikuja akapiga magoti mbele yangu. Sikuwa na umri wa kupigiwa magoti pale. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alisema kwao mtu akizikwa hupitiwa wote aliowahi kuwakosea, aombewe radhi, asiende na kitu cha mtu. Alisema wamepita kwa majirani na kwa ndugu, na sasa amenikuta mimi, mtu wa umeme, niliyewahi kumfanyia mama yake wema akarudishiwa taa.

"Tunaomba mumsamehe mama kwa ule umeme," alisema.

Ndipo nikajua kwamba hakumwambia hata mwanawe. Miaka yote ile, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mtoto wake akimdhania vile, alinyamaza kwa ajili yangu. Wanawake wote wa mkekani walikuwa wakinisubiri. Vidole vyangu vilikuwa ndani ya mkoba, vimeshaigusa risasi, navihisi vile vishimo viwili vya namba.

Nikasema, "Tumemsamehe."

Akanishika mikono yote miwili akanishukuru, na wenzake wakamshukuru Mungu. Kisha akainuka, akaniletea chakula kwa mikono yake, ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, akanichagulia mnofu wa mgongo. Nikanawa, nikala.